Tabibu Hahnemann na Kupima Dawa za Miti

 

Usiku mmoja, baada ya kwisha darsa yetu, alitujia ndugu mmoja katika watu wa mtaa, naye ameshika kichupa kidogo cha dawa ya matone. Alikinunua kwa ajili ya mwanawe mchanga aliyekuwa akiota meno na kulia usiku kucha. Aliyemwuzia alimwambia kwamba dawa ile ni ya miti mitupu, na kwamba imepunguzwa nguvu hata haiwezi kumdhuru mtu, akaongeza kuwa ni ya ilimu ya homiopathi iliyoasisiwa na tabibu mkubwa wa Kijerumani. Ndugu yetu alitaka kujua kama hayo ni kweli. Tulisoma jina la mti lililoandikwa juu ya kichupa, tukaona ni mti tuliopata kusoma habari zake kuwa ni katika miti yenye sumu. Hatukumwambia kuwa dawa ile ni mbaya wala ni njema, maana sisi si watu wa fani hiyo. Tulimwambia asimtie mtoto kinywani hata tone moja mpaka akipeleke kichupa kile kwa daktari. Akenda zake, nasi tukabaki tukiulizana: huyo tabibu wa Kijerumani alikuwa nani, na dawa zake alizipimaje?

Tukatafuta habari zake katika vitabu, tukaona kwamba maisha yake yana mafunzo ya pande mbili: upande wa kufuatwa, na upande wa kutahadhari nao. Basi tumeona ni wajibu wetu kuwaandikia ndugu zetu kwa ufupi yale tuliyoyapata.

Huenda mtu akasema: yawaje jarida letu likaandika maisha ya mtu asiyekuwa Mwislamu? Jawabu yetu ni kwamba ilimu ya utabibu haina kabila. Wazee wetu wa Baghdad na Andalusi walivisoma vitabu vya Jalinusi na Diskoridi, nao ni Wayunani, wakavitia katika Kiarabu, wakachukua la sawa na kulisahihisha lililokosewa. Hivyo ndivyo tutakavyofanya hapa.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Jina lake ni Samuel Hahnemann. Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1755, sawa na mwaka 1168 wa Hijra, katika mji wa Meissen, nchi ya Saxony, Ujerumani. Mji huo ni mashuhuri kwa vyombo vya kauri, na babake alikuwa fundi wa kutia nakshi na rangi katika vyombo hivyo. Walikuwa watu wa hali ya chini. Yasimuliwa kwamba babake hakupenda taa ya nyumba itumike kwa kusomea usiku, na mtoto akajifinyangia taa ya udongo ili apate kudurusu kwa siri wakati wenziwe wamelala. Waalimu wake walimwona ana akili na bidii, wakamsomesha katika skuli kubwa ya mji wao bila ya kumtoza ada.

Mwaka 1775 alikwenda Leipzig kusoma utabibu, na mfukoni mwake hana ila fedha kidogo. Alikula kwa kufundisha lugha na kufasiri vitabu usiku. Alizijua lugha nyingi, na watungaji wa maisha yake husema kuwa alijifunza hata Kiarabu. Mwaka 1777 alikwenda Vienna, akafuatana na tabibu mkubwa wa hospitali moja hapo, akawa hupita naye kitanda kwa kitanda akiona wagonjwa kwa macho yake. Kisha fedha zikamwishia, akachukuliwa na liwali wa Transylvania awe mtunza vitabu vyake, na huko alikaa baina ya maelfu ya vitabu. Mwaka 1779 alipata shahada ya utabibu katika Chuo Kikuu cha Erlangen, na mwaka 1782 akaoa. Alizaa na mkewe huyo watoto 11.

Kabla ya hayo yote, mji wa Vienna ulikwisha pata tabibu aitwaye Anton von Störck, ambaye mwaka 1760 alitoa kitabu juu ya mmea mmoja wa sumu alioujaribu kwa kuula mwenyewe, kidogo kidogo, kabla ya kuwapa wagonjwa. Tumeitaja habari hii ili msomaji ajue kwamba Hahnemann hakuwa wa kwanza. Na kabla yao wote, Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 wa Hijra (1037), alikwisha eleza katika Al-Qanun masharti ya kuijua nguvu ya dawa kwa tajriba: dawa iwe safi isiyochanganyika na sifa ya kigeni, ijaribiwe kwa maradhi yaliyo peke yake, si maradhi yaliyochanganyika, wakati wa kutenda kazi kwake uangaliwe, matokeo yake yaonekane daima au mara nyingi, isiwe ni sadfa, na majaribio yawe katika mwili wa mwanadamu, kwa kuwa dawa huenda ikatenda jambo kwa farasi au simba na ikatenda jingine kwa mtu. Laiti masharti haya yangefuatwa sawasawa, watu wengi wangesalimika.

HALI YA UTABIBU WA ZAMA ZAKE

Mtu hawezi kumfahamu Hahnemann bila ya kujua jinsi matabibu wa Ulaya wa siku zile walivyokuwa wakitibu. Dawa yao kubwa ilikuwa ni kutoa damu. Mgonjwa wa homa hukatwa mshipa na kutolewa damu bakuli zima, na asipopona hutolewa tena. Walibandika ruba kwa makumi. Waliwapa watu zebaki mpaka meno yakalegea na mate yakawatoka bila ya kukoma. Waliwatapisha na kuwaharisha mpaka nguvu zikawaisha. Na dawa za kunywa zilichanganywa vitu kumi au ishirini katika chupa moja, hata hapana aliyeweza kujua ni kipi kilichofaa na kipi kilichodhuru.

Hahnemann alifanya kazi hiyo miaka michache, kisha dhamiri yake ikamsuta. Aliona kwamba anawapa wagonjwa vitu asivyovijua, na akahofu kwamba pengine anawaua wale waliomwamini. Akaacha kutibu, akawa ala kwa kalamu yake, kwa kufasiri vitabu, na watu wa nyumba yake wakaingia katika dhiki kubwa. Haya, enyi ndugu, ni jambo la kusifiwa. Ni wangapi leo wanaoacha chumo lao kwa kuhofu kudhuru watu?

Katika miaka hiyo hakukaa bure. Mwaka 1786 alitoa kitabu juu ya sumu ya aseniki, namna ya kuigundua na kumtibu aliyelishwa. Alipata pia njia ya kupima ili kutambua divai iliyotiwa risasi, kwa kuwa wafanya biashara walikuwa wakiitia ili kuifanya tamu. Na mfalme Leopold wa Pili alipokufa mjini Vienna mwaka 1792, baada ya kutolewa damu mara 4, Hahnemann aliwalaumu matabibu wake waziwazi katika gazeti. Yeye mwenyewe mwaka ule alimtibu mtu mmoja mwenye wazimu bila ya minyororo wala kupigwa, wakati ambapo wenda wazimu walikuwa wakifungwa kama wanyama.

GOME LA KWININI

Mwaka 1790 alikuwa akifasiri kitabu cha dawa cha tabibu William Cullen wa Scotland. Akafika mahali panapoelezwa gome la mti wa kwinini, litokalo Amerika ya Kusini, ambalo huponya homa ya vipindi. Sisi watu wa pwani twaijua vyema homa hiyo, nayo ni malaria, na wengi wetu twaujua uchungu wa kwinini na jinsi imfanyavyo mtu masikio yakavuma. Cullen alisema kuwa gome hilo huponya kwa kulitia nguvu tumbo kwa uchungu wake. Hahnemann hakuridhika, maana viko vitu vingi vichungu kuliko hilo wala haviponyi homa.

Basi akafanya jambo ambalo wafasiri hawalifanyi. Alilila gome lile yeye mwenyewe, naye ni mzima, dirhamu 4 kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku kadhaa. Dirhamu 4 ni karibu gramu 15, nacho si kipimo kidogo. Aliandika kwamba miguu na ncha za vidole vyake zilipata baridi, akalegea na kusinzia, moyo ukamwenda mbio, akatetemeka, kisha mashavu yakamwiva na kiu ikamshika. Na kila mara hali hiyo ilidumu saa mbili au tatu, tena haikurudi ila alipokula gome jingine. Alipoacha, akawa mzima kama kwanza.

Hapo likamjia wazo lake kubwa: gome hili laponya homa kwa sababu laweza kumtia mtu mzima kitu kama homa. Akasema, basi kila ugonjwa utatibiwa kwa kitu ambacho kikiliwa na mtu mzima huleta alama zinazofanana na za ugonjwa ule. Mwaka 1796 alilitangaza wazo hilo katika jarida la matabibu, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikubwa kiitwacho Organon. Njia hiyo akaiita homiopathi, na maana yake ni kutibu kwa kinachofanana na ugonjwa.

Lakini na tusimame hapa kidogo. Waganga wengine waliolila gome hilo wakiwa wazima hawakuona homa. Pengine mwili wa Hahnemann ulikuwa na hali yake mwenyewe. Na wala kwinini haiponyi malaria kwa kufanana nayo, bali huviua vijidudu vya malaria vilivyomo katika damu, navyo havikujulikana mpaka mwaka 1880. Kumbe alijenga nyumba kubwa juu ya nguzo moja, nayo ni mwili wa mtu mmoja.

KANUNI ZAKE ZA KUPIMA

Ama kwa upande wa kupima, alifanya kazi ambayo hata wapinzani wake wamemshukuru kwayo. Mwaka 1805 alitoa kitabu cha Kilatini chenye habari za dawa 27 zilizojaribiwa kwa watu wazima, na baina ya mwaka 1811 na 1821 akatoa vitabu vingine 6. Alipopewa ruhusa ya kusomesha katika Chuo Kikuu cha Leipzig mwaka 1812, alikusanya wanafunzi wake wawe ndio wapimaji. Kanuni zake, kwa mukhtasari, zilikuwa hizi.

Mti uwe ni ule ule hasa unaotajwa, usio na shaka wala kughushiwa. Na ukiwa ni wa nchi ile, uchumwe ungali mbichi, ukamuliwe, na maji yake yachanganywe na spiriti kwa kadiri sawa ili yasioze. Dawa ijaribiwe peke yake, isichanganywe na nyingine. Mwenye kujaribu awe mzima na mkweli, ajitenge na ulevi, na kahawa, na chai, na viungo vikali. Wajaribu wanaume na wanawake, kwa kuwa miili yao haiko sawa. Kila alionalo aliandike papo hapo pamoja na saa yake, kisha mwalimu amwulize moja moja bila ya kumtia maneno kinywani. Na yeye Hahnemann alitangulia kujaribu, wala hakuwapa watu kitu ambacho yeye alikikimbia.

Katika miti hiyo mlikuwamo beladona, ambao ni ukoo mmoja na mbiringani wetu, na mmoja pia na mnanaha, ambao watu wa pwani wanajua jinsi umrukishavyo mtu akili. Matunda ya beladona ni meusi yenye kung'aa, na watoto wa Ulaya wakiyaona huyadhani ni ya kula. Aliyeyala hukaukwa kinywa, uso humwiva, mboni za macho hupanuka, huweweseka, na akizidisha hufa. Mlikuwamo na akoniti, ambao ni mkali zaidi, na kokwa za kutapisha zitokazo Bara Hindi. Vitu hivi vyote ni miti mitupu, wala hapana mkono wa mtengeneza kemikali ndani yake. Kama kuwa mti peke yake kungekuwa ni salama, Hahnemann na wanafunzi wake wasingehitaji kuandika hata ukurasa mmoja.

PALE ALIPOTELEZA

Sasa twafika kwenye upande wa pili. Kwa kuhofu sumu ya dawa hizo, Hahnemann alianza kuzipunguza. Hilo lilikuwa jema. Alichukua sehemu moja ya dawa akaitia katika sehemu 99 za spiriti, akaitikisa kwa nguvu; kisha sehemu moja ya ile akaitia katika 99 nyingine; na hivyo hivyo, mpaka mara 30. Akaitakidi kwamba kule kutikisa kunaiongeza dawa nguvu kila inapozidi kupunguzwa.

Leo hesabu yajulikana. Ukifika mara 12 kwa njia hiyo, huna matumaini ya kukuta hata chembe moja ya dawa uliyoanza nayo. Yeye hakulijua hilo, kwani hesabu ya chembe hizo ilipatikana baada ya kufa kwake, wala hatumlaumu kwa lisilojulikana zama zake. Tunalolilaumu ni jingine. Yule mtu aliyewaambia matabibu wasiamini dawa yoyote mpaka waipime, hakuzipima dawa zake kwa njia ya kuzilinganisha. Mwanafunzi wake alipokula dawa kisha akakaa siku kumi akijichunguza, kila alichokiona, kuumwa kichwa, kuwashwa pua, ndoto mbaya, kiliandikwa kuwa ni kazi ya dawa. Nani katika sisi atakayejichunguza siku kumi asione kitu? Ilikuwa lazima wawepo wengine wanaokula kisicho dawa, bila ya kujua, ili ionekane kama wao nao hawatasema hayo hayo.

Na jambo hilo lilifanywa akiwa hai. Mwaka 1835, katika mji wa Nuremberg, yalizuka mabishano baina ya wafuasi wake na wapinzani wao juu ya chumvi iliyopunguzwa mara 30. Watu wa mji wakakubaliana kupima. Vichupa 100 vilitiwa nambari na kuchanganywa. Nusu yake mlikuwa na maji ya theluji yaliyosafishwa tu, na nusu mlikuwa na dawa. Orodha ya nambari ikafungwa kwa lakiri, hata anayetoa na anayepokea wasijue. Zaidi ya watu 50 walichukua. Siku ya hesabu, watu 8 tu ndio waliosema kuwa wameona kitu kisicho cha kawaida, na 5 kati yao walikuwa wamekunywa dawa, na 3 maji matupu. Waliobaki hawakuona lolote. Upimaji huo ulikuwa na kasoro zake, lakini hiyo ndiyo njia ambayo mpaka leo matabibu wa dunia nzima wanaifuata katika kupima dawa.

UGOMVI WAKE NA WAUZA DAWA, NA MWISHO WA UMRI WAKE

Hahnemann alikuwa mtu mwenye ulimi mkali, na maadui hakuwakosa. Wauza dawa wa Leipzig walimshitaki kwa kuwa alitengeneza dawa zake mwenyewe na kuwapa wagonjwa, nao wakaona chumo lao linakwenda. Mwaka 1821 alihamia Köthen kwa himaya ya mtawala wa hapo. Mwaka 1830 mkewe akafa. Mwaka 1831 kipindupindu kilipoingia Ulaya, aliwaambia watu watumie kafuri, akasema pia kwamba ugonjwa huo huenezwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa jicho, na katika hili alikaribia sana ukweli. Wagonjwa waliotibiwa kwa njia yake mara nyingi walisalimika zaidi kuliko waliotolewa damu. Watu wakasema dawa yake ndiyo iliyoponya. Lakini mwenye insafu ataona kuwa mtu wa kipindupindu asiyetolewa damu, akaachiwa maji yake mwilini, ana tamaa ya kuishi kuliko anayetolewa, hata kama hakupewa dawa yoyote.

Mwaka 1835, naye ana karibu miaka 80, alioa mwanamke wa Kifaransa, akahamia Paris, na huko akapata mali na sifa kubwa. Alikufa tarehe 2 Julai 1843, sawa na mwaka 1259 wa Hijra, naye ana umri wa miaka 88. Njia yake ilikuwa imekwisha enea. Mwaka 1839 tabibu Honigberger alimtibu kwa njia hiyo Maharaja Ranjit Singh mjini Lahore, na toka hapo ikashika mizizi katika Bara Hindi kuliko nchi nyingi nyingine.

FAIDA TUZIPATAZO

Msomaji atasema: ikiwa dawa hizo zimepunguzwa hata hazina kitu, zitamdhuruje mtoto? Jawabu ni kwamba si zote zimepunguzwa kadiri hiyo. Ziko zilizopunguzwa mara chache tu, na hizo bado zina mti ndani yake. Kisha kupunguza kwenyewe ni kazi ya mikono ya watu, na mikono hukosea. Marekani, mwaka 2010 na tena mwaka 2016, idara ya serikali inayosimamia dawa iliwaonya wazazi juu ya vidonge vya homiopathi vya watoto wanaoota meno, vyenye beladona. Na mwaka 2017 vipimo vya idara hiyo vikathibitisha kwamba kadiri ya beladona katika baadhi ya vidonge haikuwa sawa, na katika vingine ilipita sana ile iliyoandikwa. Mti ni ule ule ambao Hahnemann aliupima zaidi ya miaka 200 iliyopita. Nalo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 kitabu kizima juu ya usalama katika kutengeneza dawa hizi: mti uhakikishwe ni ndio, udongo ulioutoa usiwe na sumu, usiingie ukungu wala wadudu, na vipimo visikosewe.

Wala tusidhani kuwa jambo hili lahusu homiopathi peke yake. Huko Ubelgiji, katika miaka ya 1992 na 1993, wanawake waliokuwa wakinywa dawa ya miti ya kupunguza unene waliharibika mafigo, kwa kuwa mti mmoja ulitiwa mahali pa mwingine kwa kufanana majina. Waliodhurika walipita 100. Basi na yale majani na mizizi tunayouziwa vichochoroni, yaliyopondwa na kutiwa katika karatasi bila ya jina, tuyatazame kwa jicho hilo hilo.

Tunayoyachukua katika maisha ya mtu huyu ni matatu. La kwanza, kutompa mtu dawa tusiyoijua ni nini. Naye aliacha chumo lake kwa ajili ya hilo. Fuqahaa wetu wameeleza kwamba mwenye kujitia katika utabibu asioujua, akamdhuru mtu, ni dhamini wa madhara aliyoyafanya. La pili, kuuliza dawa imepimwa vipi, na nani, na imelinganishwa na nini. Wala tusiridhike na kuambiwa kuwa ni ya miti, au ni ya asili, au ni ya kale. La tatu, ambalo ni zito zaidi, ni kukubali kupimiwa hata lile tulipendalo. Hahnemann aliyapima ya wenzake kwa ukali na yake akayapima kwa upole, na hapo ndipo hasara ilipoingia. Nasi tuna tabia hiyo hiyo katika mambo yetu mengi.

Yule ndugu wa kichupa alirudi kwetu baada ya wiki mbili. Daktari alimwambia akiweke kando, akamwonyesha mkewe namna ya kumfuta mtoto ufizi kwa kitambaa safi chenye maji baridi. Jino lilikuwa limekwisha toka, na mtoto analala. Ndugu yetu akacheka, akasema kwamba lau angalimpa matone yale usiku ule, hivi sasa angekuwa akiwahubiria watu wa mtaa mzima kuwa matone ndiyo yaliyomponya mwanawe. Tukamwambia kwamba hivyo ndivyo ilivyomfika Hahnemann mwenyewe, naye alikuwa mwanachuoni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuipenda haki hata ikiwa juu yetu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.